Swali la Mama Kalista

Majimoto, 11 Februari 2024

Baba Kalista,

Hujambo huko Karema? Mafua ya ziwani yamekuacha? Sisi wazima. Kalista kaingia darasa la tano. Tumbo langu linauma vilevile, ila sikuandikii kwa ajili hiyo. Barua nimempa Ponsian wa lori la dagaa. Simu siitaki, huko kambini kwenu kwa wavuvi kila mtu husikiliza simu ya mwenzake.

Nina habari. Wamekuja watu wa utafiti wa kichocho. Safari hii hawakutupanga foleni tutoe mkojo halafu waondoke. Wamesema kila kitongoji kichague mtu wa kukaa nao kwenye kamati wanapopanga: waulize nini, wamuulize nani, majibu wayalete vipi. Kitongoji chetu kimenichagua mimi. Usicheke! Mwenyekiti Zablon alisema mimi, Dorika, siogopi kuuliza.

Jumamosi daktari wao, mama mmoja mpole anaitwa Laurence, akatuuliza, "Nyie mngetaka tujue nini?" Nikanyoosha mkono: minyoo ya kichocho inaweza kuingia mpaka kwenye kizazi cha mwanamke, ikamtoa damu, watu wakadhani ni ugonjwa wa zinaa? Wanaume wakaguna. Daktari aliniangalia, kisha akaandika.

Unajua kwa nini niliuliza. Mwaka wa pili huu tangu uondoke, baada ya kumwambia mama yako na jumuiya nzima ya sala kwamba nimeleta ugonjwa kutoka nje. Hata jibu likiwa hapana, nataka kujua.

Mama Kalista

Karema, 2 Machi 2024

Mama Kalista,

Barua nimepata. Mimi mzima, mafua yamekwisha. Mpe Kalista hongera.

Hao watu uwe nao makini. Wanachukua wanachotaka halafu huwaoni tena. Na wewe unakwenda kusema mambo ya chumbani mbele ya Zablon! Huna haya? Ulichomwa sindano za zinaa mara tatu, kadi niliisoma kwa macho yangu. Mtu atibiwe ugonjwa asio nao?

Ila niambie, hiyo minyoo inaingiaje mwilini? Huku kuna wawili wanakojoa damu, wanasema ni kazi nzito.

Baba Kalista

Majimoto, 19 Mei 2024

Baba Kalista,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Nilikawia kwa sababu ya ndege, mwaka huu kwelea wametukomesha mpungani.

Swali lako nilimpelekea daktari. Inapita kwenye ngozi, ukikanyaga maji yenye konokono wake. Ziwani, mtoni, kwenye majaruba ya mpunga. Waambie hao wawili waende zahanati, waache ubishi.

Sasa sikia. Aprili walipita nyumba kwa nyumba na fomu, wakakuta wagonjwa wachache mno. Laurence akafurahi, kichocho kimepungua! Nikamwambia, "Daktari, mmehoji wazee na wenye maduka. Sisi wengine tuko mpungani tunaamia ndege wasiumalize, tunalala hukohuko kwenye vibanda, maji mpaka magotini." Akashika kichwa. Wakaanza upya, wakatufuata majarubani, mikoba wameibeba kichwani. Mmoja alizama mpaka kiunoni, tulicheka siku nzima.

Kwenye fomu nikaomba waongeze swali: je, mume au ndugu waliwahi kukushuku kwa ajili ya dalili hizi? Wakabishana, wakaliongeza.

Na mimi nimepimwa. Kwanza daktari alinisomea karatasi ya ridhaa, akasema naweza kukataa na bado nikabaki kwenye kamati. Nikasaini. Baba Kalista, wamekuta kichocho kwenye mlango wa kizazi. Zinaa hakuna. Alisema hawezi kuapia ya miaka iliyopita, ila dalili nilizomweleza ni za kichocho. Nilimeza dawa, nikalia, halafu nikakasirika. Mpaka leo nina hasira na wewe.

Majibu ya utafiti yatasomwa shuleni tarehe 24 Agosti. Njoo usikie.

Mama Kalista

Karema, 1 Septemba 2024

Mama Kalista,

Hujambo? Kalista hajambo? Mimi mwili unaendelea, moyo ndio haujatulia.

Nilikuja. Nilikaa nyuma kabisa, kofia imenifunika macho. Nikakuona umeshika kipaza sauti kama mwalimu. Ukasema wanawake sitini na wawili wamekutwa na kichocho kwenye kizazi, na kumi na tisa kati yao waliachwa au walipigwa kwa kushukiwa. Mzee mmoja akauliza hao wanaume ni akina nani. Ukajibu utafiti hautaji majina. Ungeweza kunitaja, hukunitaja. Nikapanda pikipiki kabla hata ya chakula.

Nimepima, na mimi ninacho. Dawa nimemeza. Nisamehe, Dorika. Naweza kurudi?

Baba Kalista

Majimoto, 8 Septemba 2024

Baba Kalista,

Pole kwa kuumwa. Mimi maumivu yamepungua, Oktoba watanipima tena. Kalista anakusalimia.

Nilikuona. Kofia yako naijua.

Barua nimeisoma mara nne. Lakini mbona unaniomba msamaha ndani ya bahasha, na kuniaibisha uliniaibisha mbele ya jumuiya? Mimi nilikuwa najua sina kosa, hukunipa habari mpya. Wasiojua ni wao. Mama yako mpaka leo hanywi maji nyumbani kwangu. Hata watu wa utafiti, wageni kabisa, walirudi kuwaambia watu majibu. Wewe ni wa hapa.

Habari ya kurudi baadaye. Siahidi.

Mama Kalista

Karema, 22 Septemba 2024

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima.

Barua hii nimeagiza Dorika aisome kwanza. Akikataa, aichane. Ikikufikia, ujue amekubali. Naomba jumuiya ikikutana Alhamisi, Zablon aisome kwa sauti, watu wote wakiwepo.

Nilisema mbele yenu kwamba mke wangu ameleta ugonjwa kutoka nje. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na hofu na hasira, nikasema. Amepimwa. Ni kichocho, na mimi pia ninacho. Alikipata kwenye majaruba yetu, akiamia ndege kwenye mpunga niliokuwa nakula. Dorika hana kosa. Mwongo ni mimi.

Mwanao,
Jonas