Gurudumu la Tano Lililobaki Kiringye

Kasenga, Uvira
Tarehe 21 Agosti 1966

Mpendwa shemeji Déogratias,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mke wako Honorine na watoto. Kile kifua kilichokusumbua mlipofika Kigoma kimetulia? Watu wa huko wamewazoea? Sisi huku tu wazima. Mama yenu anakula vizuri, ila magoti yanamkataza kuteremka ziwani, kwa hiyo samaki wa ndagala namletea mimi, naye kila mara anasema nimechagua vibaya. Basi jua kwamba ana afya.

Neno lako la kuuza gari la kaka yako lilinifikia kwa mdomo wa Spès, yule anayeuza mawese. Alilisema mbele ya mama na wazee wa ukoo, kama inavyotakiwa, maana kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla ndugu yake hajakiachilia. Nakushukuru. Niliogopa utasema lingoje, na gari likikaa, kutu hulila kuliko barabara.

Limeuzwa. Mnunuzi ni Antoine wa Kavimvira, mfanyabiashara wa mchele. Nataka nikueleze mwenyewe jinsi karatasi ilivyoandikwa, usije ukasikia nusu nusu kwa watu.

Unakumbuka Norbert alivyolipata. Wiki ile ya uhuru, yule Mzungu bwana wake wa pamba alipokea pesa, akampa ufunguo, akakimbilia Usumbura bila kuandika hata mstari mmoja. Tangu hapo, kwenye kila kizuizi kaka yako aliulizwa, "Gari ya nani hii?" Alihangaika sana hadi akapata hati yenye jina lake. Akaniambia, "Agathe, siku ukiuza hata mbuzi, andika." Mimi nilimcheka.

Kwa ajili ya neno hilo nilimwita mwalimu Hyacinthe, jirani yetu mwenye mwandiko mzuri. Tulikaa barazani: mwalimu, Antoine na mke wake Léocadie, mama, na mimi. Mwalimu alinakili jina kutoka kwenye hati ya gari, akaongeza maneno aliyozoea, kisha akasoma kwa sauti: "Mimi, Norbert, mwenye afya njema na akili timamu, namuuzia Antoine gari langu."

Antoine akasema polepole, "Mwalimu, kama iko na afya njema, aje mwenyewe anionyeshe namna ya kuiwasha."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, shemeji, mara ya kwanza tangu msiba wa Kiringye. Machozi yakafuata, nao wakaniacha nilie. Mwalimu akachukua karatasi nyingine, akaandika, "Mimi, Agathe, mjane wa Norbert." Sikuwahi kuliona neno hilo limeandikwa karibu na jina langu. Nililitazama, kisha nikamwomba aendelee.

Tuliandika rangi, namba ya injini, breki ya mkono isiyoshika, na mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba. Kaka yako asingependa tufiche kitu. Antoine akaenda kulizunguka gari, akarudi amekunja uso.

"Mupira ya akiba iko wapi? Minye nitapita ile njia ya mawe ya Kamanyola na mipira mine tu?"

Na wewe jambo hili sijawahi kukueleza, maana ulikuwa umekwisha kuvuka ziwa. Kule Kiringye tulikokimbilia vita, ili gari lisichukuliwe na waasi wala askari, Norbert alilivua magurudumu yote, akayafukia katika shamba la muhogo, na gari lenyewe akalifunika kwa mabua ya mpunga. Kisha homa ikamkamata. Njia zilikuwa zimefungwa, dawa hakuna. Tulimzika ukingoni mwa shamba lile lile. Ubao wa msalaba haukupatikana. Mbao zote zilikwisha kuchomwa kuni. Tulipoyafukua magurudumu ili turudi Uvira, la tano nililiacha juu yake. Nililijaza udongo, nikapanda maua ndani. Hakuna alama nyingine pale. Mwenye kulima akiliona, anapita kando. Likiondolewa, jembe la msimu mmoja linatosha kulisawazisha kaburi.

Nikamwambia Antoine, "Liko juu ya kaburi la mwenyewe. Hilo siuzi, na liandikwe hivyo. Kama hutaki, gari libaki." Nilisema hivyo nikijua kwamba sina mnunuzi mwingine, na kwamba watoto wanangoja kurudi shule.

Antoine alishika kichwa. "Mama Agathe, usiandike kaburi mu karatasi ya gari. Watu watasema nimenunua gari na maiti yake."

Mke wake Léocadie akamgeukia. "Weye! Unaogopa mufu mumoja? Minye nilizalia ndani ya gari hiyo, njiani kwenda hospitali, Norbert anashika tochi na macho ameyatupa ziwani. Alikuomba mupira siku ile?"

"Hakuomba."

"Basi acha mwalimu aandike."

Mwalimu akaandika kwamba gari linauzwa na magurudumu manne; la tano liko Kiringye, halimo katika mauzo, na mnunuzi hatalidai, wala watoto wake baada yake. Antoine alishika kalamu, lakini hakutia saini. Aliomba mstari mmoja zaidi: kila Siku ya Wafu, maadamu gari linatembea, litampeleka mjane Kiringye na kumrudisha. Ndipo akatia saini, nami nikatia, mama akaweka kidole.

Nilimwonyesha namna ya kuliwasha: kanyaga mafuta mara mbili, ungoje kidogo, ndipo uguse ufunguo. Ndivyo kaka yako alivyokufundisha, siku ulipougonga uzio wa mama Domitille. Likawaka mara moja. Alama za matairi bado ziko uani. Sijazifagia.

Nakala yetu naitunza sandukuni, utaisoma siku utakaporudi. Nisalimie Honorine, na Geneviève mdogo, na shangazi Ernestine ambaye nasikia bado anaimba kanisani. Mungu awafunike kwa mkono wake, na ziwa liwe tulivu siku mtakayovuka kurudi kwetu.

Siku ya Wafu nitakuwa Kiringye, nikiyamwagilia maji maua yake. Ninyi mtakapokuwa kanisani huko, mumtaje kaka yako. Na ukimaliza kumtaja, unikumbuke na mimi.

Shemeji yako nikupendaye,
Agathe