Joto la Saa Nane

Tudor, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui tena unapopanda ngazi. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillah. Utashangaa nakuandikia ilhali kutoka hapa hadi kwako Mji wa Kale ni mwendo wa tuktuk tu. Jumapili nilikuja na neno hili mdomoni, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi nalo.

Kwanza habari za Bi Gulshan, kwa kuwa kila siku waniuliza. Ametoka chumba cha mahututi, yuko wodini kwetu. Anakunywa uji na kuzungumza, ila hasimami bila kushikwa na watu wawili. Kidonda cha nyonga kilifunguliwa tena kikatolewa usaha. Daktari asema nyumbani kwake Bondeni hatarudi kabla ya mwezi kwisha.

Najua binti yake, Heena, alikuja kwako na sinia la biriani, akakwambia lau si uangalizi wa mwanao mamake hangalikuwa hai. Umenisimulia mara mbili, na mara zote nikainamisha kichwa, ukadhani ni haya.

Ilikuwa hivi. Bi Gulshan alikuwa siku ya tatu tangu kupasuliwa. Mgonjwa kama huyo hupimwa kila baada ya saa nne: joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Ndivyo homa ya kidonda inavyokamatwa kabla haijaingia damuni. Zamu yangu ilikwisha saa tisa, akapokea Thoya, yule muuguzi wa Kaloleni aliyenifundisha kazi nilipokuwa mgeni. Alipompima saa kumi na mbili alikuta joto thelathini na tisa nukta saba, moyo unakwenda mbio, maneno hayaeleweki. Akamwita daktari papo hapo.

Lakini karatasi ilionyesha kuwa saa nane mgonjwa alikuwa hana neno. Wakubwa wakasema homa kama ile haipandi bila dalili. Lazima Thoya alimwacha alasiri nzima bila kumtupia jicho. Akaambiwa akae nyumbani, angoje uchunguzi.

Akanipigia simu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Mwanakuu, saa nane ulimwachaje?"

Nikamjibu, "Nilimwacha mzima."

Nilisema uwongo, Mama. Sikumpima. Nilitaka kutoka mapema, na walikuwa wamebaki wagonjwa watatu. Bi Gulshan alikuwa amejifunika gubigubi, akaniambia anaona baridi, na wodi nzima watu wanajipepea kwa joto la Februari. Nikamwongezea blanketi. Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwangu. Nikachukua hesabu za asubuhi nikazigeuza kidogo zisifanane: joto la thelathini na sita nukta saba likawa nukta nane, mapigo sabini na sita yakawa sabini na tisa. Huko kuzigeuza ndiko kunakonichoma zaidi, maana aliyesahau hageuzi hesabu.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Nilikula ile biriani.

Jana nikaenda kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi, nikamweleza yote. Hakunikemea. Alinipa karatasi niandike, kisha akampigia Thoya mbele yangu, akamwambia arudi kazini. Mimi nimesimamishwa, na sijui kama nitavaa tena sare ile.

Kabla sijatoka nikapita kitandani kwa Bi Gulshan, nikasema mbele yake na mbele ya Heena. Heena akanipa mgongo, akaendelea kumlisha mamake. Bi Gulshan alimeza, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa na haraka ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli: ilikuwa siku ya hina ya harusi ya ndugu yangu Jannat, na nilitaka kuwahi zamu ya kupakwa.

Thoya bado sijamwona uso kwa uso. Leo alasiri naenda kwao.

Mama, nakujua. Watu wa mtaani wakianza kunisema utasimama mlangoni kunipigania. Nakuomba usinitetee. Waambie ni kweli.

Nisalimie Jannat na mumewe, na Shangazi usimsahau. Ukiwa radhi nije, nitumie neno nami nitakuja. Usipokuwa radhi, nitangoja.

Mwanao,
Mwanakuu