Neema, Theluji Imetuvuruga Kichwa

Neema mwanangu,

Nakusalimu kutoka Kisangani, nyumbani kwa ndugu yangu, tonton wako. Jua la huku linakaanga. Jana mchana tulikuwa tunakula lituma ya ndizi na samaki wa wavuvi Wagenia, jasho linatutiririka, nikamweleza shida yetu: vyuo viwili vimekukubali, kimoja Kanada, kingine kaskazini ya China, na kifua chako hakipendi baridi.

"Alors, aende kule neige, ile theluji, iko kidogo," tonton akasema. "Bila neige hakuna baridi."

Tukawapigia simu watoto wake. Gloire, anayeishi Kanada, akacheka: "Papa, siku neige inaanguka, baridi inapunguka! Baridi ya kweli inakuya kisha, mbingu ikiwa safi na chini kote ni mweupe. Ile weupe inarudisha joto ya jua juu."

Bon, tukasema basi ni China. Lakini Patient, aliye huko, akatuvunja moyo: "Huku neige iko kidogo sana, tunaona vumbi tu. Na maji inaganda ndani ya mufuko yangu! Upepo inatoka Siberia, kule neige imefunika kila kitu."

Tulitazamana na tonton kama watu waliopotea njia. Theluji inaleta baridi, lakini ikianguka baridi inapungua, na pasipo theluji watu wanaganda! Mpaka sasa sijaelewa.

Donc, mama, usichague kwa theluji. Chagua masomo unayoyapenda. Koti zito nitalitafuta mimi, popote utakapokwenda.

Wabusu wadogo zako. Tunakuombea.

Papa wako