Kengele ya Kitanda cha Dirishani

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi nipo, ila miguu inalalamika kwa kusimama wodini. Mama anakusalimu, kifua bado kinambana.

Kile kioo cha kengele ulichotuandikia programu kimeganda tena. Wagonjwa wanabonyeza kengele kutuita, majina yao hayatokei kiooni. Nikikizima na kukiwasha kinapona. Mzee wa kitanda cha dirishani, tuliyembatiza Mzee Redio kwa kutonyamaza, ananiambia, "Nesi, mashine yako imevimbiwa, ipe dawa ya tumbo." Ina nini?

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, ila hicho kifua cha Mama kimeninyima raha.

Mzee Redio amepatia. Mgonjwa akibonyeza, programu inatenga nafasi kwenye kumbukumbu na kunakili jina lake humo, maana lile la kwanza hufutwa mwenzake anapobonyeza. Jina likishaonyeshwa, nakala inatakiwa iachiliwe ili nafasi irudi. Mimi sikuandika mstari wa kuiachilia. Nakala zinarundikana mpaka nafasi inakwisha. Nitauandika, ila bosi amenibana na kazi nyingine. Wewe kizime kila asubuhi ukikifuta vumbi. Kikiwashwa kinaanza kitupu.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Huku Mama amezidiwa. Katika barua yako ya juzi umeniomba nichukue likizo nikamuuguze kwa kuwa wewe hupewi ruhusa, nitakwenda. Lakini anayenishikia zamu ni nesi mgeni. Nimwambie awe anakizima kioo?

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu amsimamie Mama. Usimwambie mgeni, ataeneza kwamba kazi yangu ni mbovu. Nimepiga hesabu ya wodi yenu: hakitajaa kabla hujarudi.

Kaka yako


24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama ana nafuu, sasa anakaa kitini mwenyewe.

Nimerudi wodini. Hesabu yako haikumjua Mzee Redio. Wagonjwa wenzake wanasema alikuwa akibonyeza kutwa kuuliza nesi wake anarudi lini. Jina lake mwenyewe ndilo lililokijaza kioo. Pumzi ilipombana alibonyeza tena, na hapakutokea kitu. Walimkuta kidole kikiwa bado juu ya kengele.

Mgeni wangu amesimamishwa kazi, wanasema alisinzia. Analia tu, hajui kosa lake. Wewe unalijua. Waandikie.

Mdogo wako


19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, maana hujanijibu.

Fundi kutoka ofisini kwenu alikuja wiki iliyopita, akaweka programu mpya bila kueleza kitu. Haigandi tena. Kumbe ulipata nafasi ya kuuandika ule mstari. Mgeni wangu bado yuko nyumbani.

Kesho nakwenda kwa matroni kumweleza kila kitu, pamoja na nilivyonyamaza mimi. Nimeona usikie kwangu kwanza. Mama sijamwambia. Anauliza kila siku kama umeandika.

Kioo bado nakizima kila asubuhi.

Mdogo wako