Malalamiko Kuhusu Mswada Wangu Kutolewa Nyongeza ya Jogoo

Kibiti, Jumatano asubuhi, siku ya tatu baada ya Jumapili ya Mavuno. Kipupwe kimekaza. Ukungu umelala juu ya barabara kuu na mabasi ya Lindi yanapita yakiwa yamewasha taa.

Kwako Shajara,

Salamu katika jina la Bwana. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya kuandika leo ni kuwasilisha malalamiko, na kuyawasilisha kwa utaratibu, kwa kuwa nikiyasema kwa mdomo nitatamka maneno ambayo Mkristo aliyebatizwa hapaswi kuyatamka.

Nina hasira.

Msomaji mgeni wa ukurasa huu wa mtandaoni, ninapoiweka shajara yangu wazi, ajue kwamba kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, ndiyo maana huitwa Karani. Meza yangu ipo barazani kwa duka la vifaa vya ofisini, jirani na ofisi za wilaya. Aliyenyang'anywa shamba, aliyecheleweshewa mafao, aliyeliwa mahindi na tembo kule Ngarambe, wote huja, hueleza, nami huwaandikia barua inayosomeka. Elimu yangu ni darasa la saba. Lugha ya ofisi nilijifunza mwenyewe, nikisimama mbele ya mbao za matangazo na kunakili barua za serikali katika daftari. Sijawahi kurudishiwa barua kwa sababu ya mpangilio mbovu.

Kazi yangu ya pili, ambayo hainilishi, ni kuandika hadithi za Kikristo. Kwa miaka saba nimeandika kisa cha Elizabeti, mjane wa bondeni ambaye shemeji yake alimpora shamba la mpunga kabla matanga hayajaanuliwa. Kamati ya machapisho ya kanisa letu imekikataa mara tatu. Barua ya kwanza ilikuwa na aya nne. Ya pili ilikuwa na aya mbili. Ya tatu, iliyonifikia Ijumaa, ilikuwa na sentensi moja: mwandishi anashauriwa kusoma vijitabu vya Dada Furaha.

Dada Furaha ni muumini mwenzetu anayeishi Dar es Salaam. Vijitabu vyake ni vya faraja, vina njiwa kwenye jalada, na kamati huvichapa bila kusita. Hajanikosea kitu. Alipotutembelea mwaka jana alinisaidia kubeba viti, akaniuliza naandika nini, akasikiliza jibu mpaka mwisho.

Hata hivyo naungama. Kijitabu chake cha mwisho nilikisoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa. Nilipata moja, nikashinda siku nzima nikiwa na furaha.

Hiyo ndiyo hali ya roho yangu kufikia Ijumaa.

Jumapili niliamua kuuweka mswada mbele za Bwana. Nilikuwa na nakala moja safi tu, iliyopigwa chapa na kufungwa kwa ringi. Waumini walipopeleka mavuno madhabahuni, mpunga, nazi, muhogo, kamba wakavu kutoka visiwani huko delta, nami nikapanga foleni. Niliuweka pembeni ya gunia. Nia yangu ilikuwa uombewe pamoja na mazao, kisha niuchukue nirudi nao nyumbani.

Hapo nilikosea, na nakiri. Utaratibu wetu wa Mavuno unajulikana hata na watoto: kilichofika madhabahuni kinanadiwa nje baada ya ibada, na mwenyewe akikitaka akinunue kama mtu mwingine. Mimi ninayewafundisha watu utaratibu niliusahau wa kwetu.

Mzee Obedi, mzee wa kanisa, ndiye hunadi. Ana sauti na ana mdomo. Aliuinua mswada wangu juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata popo.

"Haya, waumini! Na hiki chenye ringi! Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Jamani, hakili pumba, hakinywi maji! Unakiweka tu!"

"Kinataga?" akauliza mama mmoja wa kwaya, na uwanja mzima ukacheka.

"Mzee Obedi, angalia vizuri," mwingine akadakia, "isije ikawa barua ya kumshtaki mchungaji. Si unamjua Karani wetu!"

Nilikuwa nimesimama kando ya tangi la maji. Ningeweza kunyoosha mkono. Watu hununua muhogo wao wenyewe kila mwaka na hakuna anayewacheka. Lakini kununua kazi yangu mwenyewe, mbele ya meza ya vitabu ambapo vijitabu vya njiwa vilikuwa vimemalizika tangu asubuhi, mkono ulinigomea.

Ndipo Mzee Obedi akamkamata jogoo mwekundu kwa miguu. "Basi, atakayemchukua huyu, kitabu namtilia nyongeza!"

Nyongeza. Kama kitunguu kinachotupiwa juu ya fungu la nyanya.

Jogoo alichukuliwa na Bi Zainabu, mfanyabiashara wa kuku hapa sokoni. Yeye ni Mwislamu, lakini hakosi mnada wetu wa Mavuno, kwa kuwa anasema kuku wa sadaka hunenepeshwa kwa hofu ya Mungu. Alimfunga jogoo miguu, akautia mswada kapuni, akaondoka. Nilirudi nyumbani nikatunga kichwani barua ya kujiuzulu uandishi, pamoja na nakala kwa wahusika wote.

Jana Jumanne, kabla ya adhuhuri, nilimwona Bi Zainabu akija barazani na kapu lake. Nilijua analeta mswada. Nilikwishaandaa maneno ya kupokea kwa heshima.

"Karani, hujambo?"

"Sijambo, Bi Zainabu. Karibu kiti."

"Sikai. Leo sikuja kuandikiwa, nimekuja kugomba."

"Kwa jambo gani?"

"Huyu Elizabeti wako. Mimi na mke mwenzangu tumemsoma siku mbili, kuku nawanyonyoa kitabu kiko mapajani. Shemeji kampora shamba. Sawa, mashemeji tunawajua. Elizabeti kahangaika, kaenda kwa mtendaji, kapata mashahidi. Mashahidi watatu, Karani! Halafu wewe huku mwisho unampigisha magoti, anasamehe, anafunga kanga zake anaondoka. Na shemeji? Anabaki anakula mpunga?"

"Bi Zainabu, hicho ni kitabu cha imani. Fundisho lake ni msamaha."

"Msamaha naujua, hata kwetu upo. Elizabeti asamehe, nani kamkataza? Lakini shamba lirudi! Mimi nikija hapa na kesi kama ile, utaniambia nikapige magoti niondoke?"

Niliishika kalamu, nikairudisha mezani.

"Thubutu! Utaandika barua, utapeleka na nakala kwa mkuu wa wilaya. Sasa Elizabeti kakukosea nini hata umnyime? Mke mwenzangu kanuna tangu jana, chakula hataki. Anasema mwisho ule si wa mtu aliyeandika huku mwanzo. Umeuokota mahali."

Nilimwomba anirudishie mswada niutazame.

"Nani? Kitabu changu hiki, nimepewa mbele ya kanisa zima. Ukitaka kunakili, uje nyumbani, nitakuazima. Ila unakili huku mchana, jioni tunakisoma tena." Akajitwika kapu lake, akaenda zake.

Naandika yafuatayo kwa aibu.

Mke mwenzake Bi Zainabu, ambaye sijawahi kuonana naye, alisema kweli. Mwisho ule niliuokota. Katika mswada wa kwanza, Elizabeti alisali alfajiri, kisha akatembea mpaka baraza la ardhi na mashahidi wake, na hakuona kwamba jambo moja linafuta lingine. Baada ya barua ya pili ya kamati niliing'oa sura hiyo. Nikaandika nyingine kwa kumwiga Dada Furaha: machozi, utulivu, ndege juu ya paa. Dada Furaha alizika mtoto, na faraja anayoiandika aliipata humo. Mimi nilichukua faraja ya mwenzangu nikamvika mjane ambaye haikuwa saizi yake, ili kamati inipende.

Mteja wangu wa barazani nisingemtendea hivyo. Aje mwanamke mwenye mashahidi watatu, nimshauri aondoke? Ningejiona mwizi.

Kwa hiyo hasira yangu imegawanyika, na sehemu kubwa inanirudia mwenyewe. Miaka miwili nimejipima kwa Dada Furaha, nikidhani nimepungukiwa kipawa chake. Sikuona kwamba kila nilipojipima nilikata kipande cha changu ili nilingane.

Lakini kamati isifurahi mapema. Jana alasiri nilizitoa barua zake zote tatu kwenye faili na kuzisoma upya, kama ninavyosoma barua za wateja kabla ya kukata rufaa. Hakuna hata moja inayomtaja Elizabeti. Hakuna inayotaja shemeji, wala shamba, wala bonde. Barua ya kwanza, pamoja na aya zake nne, inazungumzia upana wa pambizo. Bi Zainabu, aliyeupokea mswada huo kama nyongeza ya jogoo, alimtaja Elizabeti kwa jina barazani kwangu kama mtu anayemdai majibu.

Nimetiwa moyo na mwanamke aliyekuja kunigombeza. Nilikuwa nikiomba faraja, Bwana akanipa ugomvi, na nadhani alijua ninachohitaji.

Barua ya kujiuzulu haitaandikwa. Jana nilianza kuiandika upya sura ya mwisho. Elizabeti amesimama mbele ya baraza la ardhi na sijui bado watamwamulia nini, kwa kuwa mabaraza nayajua. Ila hatapigishwa magoti na mimi tena. Nitakapomaliza nitampelekea Bi Zainabu kwanza, kwa kuwa ana haki ya kwanza.

Nakala ya pili nitaileta kwenye kamati kwa mkono wangu.

Najua katibu wa kamati hupitia ukurasa huu, hivyo ninamwandikia moja kwa moja. Mheshimiwa Katibu, mkikataa tena nitaumia, na sitajifanya sikuumia. Nitaandika kitabu kingine nikiwa na maumivu hayo. Lakini sitabadilisha mwisho huu ili ufanane na wa mtu yeyote. Naomba wajumbe wausome mswada kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha mnijibu kwa maandishi kama mtauchapa au hamtauchapa.

Naomba uamuzi.