Ukuta Bila Maua

Quthing, Jumapili

Mdogo wangu Puseletso,

Huku hatujambo, mbuzi kazaa mapacha. Ukuta wa nyumba yangu ulishinda mashindano ya kijiji ya kuchora kuta, nikapewa blanketi. Wiki hiyohiyo mvua ikafuta michoro yote.

Nikakanda udongo na samadi, nikaanza upya kuchora kwa vidole. Unajua miaka ishirini nimechora maua aliyonifundisha mama mkwe, maana shemeji yako aliyapenda. Hata baada ya kumzika niliendelea nayo.

Jirani yangu Mathapelo akapita. "We dada, maua yako wapi leo? Mistari hii kakufundisha nani?"

Nikarudi nyuma, nikatazama. Kweli, hapakuwa na ua hata moja.

"Hakuna aliyenifundisha," nikamjibu. "Na usiguse, bado mbichi."

Dada yako,
Malineo