Inspekta Kalunde Alipopotea Porini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kitabu cha nane cha Inspekta Kalunde kimetoka. Mama amekiweka juu ya redio yako, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa kabla hajapewa chai.

Vile saba vya mwanzo ulikuwa ukivisoma kwenye kigoda nyuma ya nyumba, ukiwanasa wahalifu wangu kabla ya Inspekta mwenyewe. "Muuaji ni fundi baiskeli," ulikuwa ukitangaza hata kitabu hakijafika nusu, nami nikinuna kwa sababu umepatia. Lakini nilipokuletea mwanzo wa hiki, ambamo majambazi wanamtelekeza Kalunde kwenye pori la miombo kusini mwa Goweko, ulicheka.

"Mama," ulisema, maana ndivyo ulivyoniita tangu uliponipa jina la mama yako, "huyu askari wako siku ya pili hii, na bado hana kiu. Pori hili umeliona wapi?"

"Nimelifikiria tu, baba."

"Basi kesho twende kwenye mizinga."

Mtu mzima mimi, binti wa mrina asali, na sikuwahi kufika huko. Ulinifundisha kufukua mchanga wa kijito kilichokauka mpaka maji yajitokeze, mekundu ya udongo, tukayachuja kwa khanga yangu. Uliimba njia nzima. Sikumbuki kukuona na furaha kama ile.

Kisha ukapanda mninga kukagua mzinga, tawi likakatika. Kifundo chako cha mguu kilivimba hapo hapo. Simu haikuwa na mtandao. Nilijaribu kukubeba, tukaanguka wote wawili.

"Niache hapa kivulini," ulisema. "Jua la asubuhi liweke bega la kulia, utaikuta reli. Reli imefuata njia ya misafara. Wazee wetu walipita huko na pembe za ndovu mabegani. Ukifika relini, watu utawapata."

Nilikuachia maji yote, ukanilazimisha kuchukua nusu.

Alasiri nilirudi na wakulima wawili wa tumbaku na mkokoteni wa ng'ombe. Ukauliza, "Ulinyoosha njia?"

"Nilinyoosha, baba."

Nilikudanganya. Jua lilipofika utosini sikujua tena liko bega gani. Nilizunguka mpaka nikakutana na nyayo zangu mwenyewe. Nikaketi chini nikalia, nikikuita wewe, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri nikuokoe. Kilichoninyanyua ni honi ya treni ya mizigo. Niliikimbilia sauti ile, miiba ikabaki na khanga yangu.

Mguu ulipona, ukabaki unachechemea. Aibu yangu nikamtwisha Kalunde: naye anakutana na nyayo zake, anakaa chini, anamlilia baba yake. Katika vitabu saba hajawahi kulia. Nilikuletea sura hiyo nikijifanya nimeitunga. Uliisoma polepole, ukavua miwani, ukaifuta kwa muda mrefu.

"Hii iache kama ilivyo," ulisema.

Ukatutoka kabla sijamaliza sura mbili za mwisho. Nimeziandika peke yangu, na kila ukurasa nimeugeuza nikitafuta pale ambapo ungecheka.

Juzi mama naye alifika kwenye sura ile. Alinifuata jikoni kitabu kikiwa mkononi.

"Alikusikia," akaniambia.

"Nani?"

"Baba yako. Ulikuwa umezunguka mpaka ukawa karibu naye. Alikusikia unavyomwita. Akauma kofia yake ili asiitike. Aliniambia, 'Akirudi hapa hataweza kuniacha mara ya pili.'"

Mama alinikuta nimesimama, akaniacha nimekaa sakafuni.

Baba, nimekuwa nikidhani siku ile niliyekuwa peke yangu ni mimi. Wewe ulilala pale mguu umevimba, mwanao anakuita, na ukanyamaza. Mimi ninayeandika hadithi za mashujaa nisingeweza kulitunga hilo.

Pumzika sasa. Nimekusikia na mimi.

Binti yako, uliyemwita mama